Mtu wa Tatu wa Nyumba Namba Kumi na Moja

"Leo nimemsalimu mkwe wangu," alisema Annakili wa nyumba namba kumi, tambuu shavuni. "Saa nne hivi, nimerudi kuchukua kikapu. Alikuwa dirishani kwenu, nywele kaziachia. Namwambia, binti, hujambo? Kimya. Dada Pechi, mtoto wako ana kiburi au ni bubu? Uniambie mapema. Mwanangu Sudalai anapenda maongezi, nisije nikamwoza ukuta."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu bombani wakacheka, na Pechiammal naye akacheka ili asionekane wa ajabu. Ndoo yake ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagikia miguu, naye hana habari. Saa nne yeye alikuwa mlimani akichuma chai. Mwanawe Kathiravan alikuwa kiwandani kwenye mashine. Nyumba ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe, kaufunga kwenye pindo la sari. Na zaidi ya hayo yote, Pechiammal hakuwa na binti.

Aliwahi kuwa naye, tusifichane. Alizaa mtoto akaambiwa ni msichana, akamwita Maheswari, akamsuka na kumvisha maua kwa miaka kumi na tisa. Kisha siku moja mtoto akamkalisha chini akamwambia kwamba yeye ni mwanamume, na kwamba amelijua hilo tangu hajaota meno ya pili. Pechiammal alilia mwaka mzima, akanyamaza, akampeleka mwenyewe kwenye hospitali kubwa ya Madurai akiwa amemshika mkono. Huko wakaanza kumchoma sindano ya homoni kila baada ya wiki tatu. Sauti ikashuka, ndevu zikaota, jina likawa Kathiravan, na mtu aliyekuwa hacheki akaanza kucheka. Walipohamia huku juu, shamba la chai la Karumpani, kwa sababu kijana alipata kazi ya fundi umeme kiwandani, hakuna aliyemtazama mara mbili. Wote walimwita fundi, wakamletea redio zao mbovu, basi.

Kosa lilifanyika siku ya kujiandikisha, na aliyelifanya ni mama. Kathiravan alikuwa kiwandani akionyeshwa mitambo. Pechiammal alikwenda peke yake kwa karani wa shamba, mzee Rajadurai, akaweka mezani kitambulisho kipya cha mwanawe na kadi ya zamani ya mgao wa mchele, ile ambayo ilikuwa haijabadilishwa jina. Karani akasoma hiki, akasoma ile, akainua miwani.

"Pechiammal, mama. Kathiravan, mwana. Maheswari, binti. Mko watatu?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini familia ya watu wawili hupewa chumba kimoja kule bondeni kwenye ruba na unyevu, na ya watatu hupewa nyumba ya laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili na jiko. Tena, na hili hakumwambia mtu, miaka sita ilikuwa imepita bila kulisikia jina lile kinywani mwa mtu, na karani alikuwa amelitamka taratibu, kwa heshima, kama jina la mtu aliye hai.

"Tuko watatu," akasema.

Tangu siku ile, kila kilichogawiwa Karumpani kilikuja tatu tatu. Blanketi tatu. Vidonge vitatu vya minyoo. Makoti matatu ya mvua. Pechiammal alivikunja vya huyo wa tatu akaviweka ndani ya sanduku chini ya kitanda chake, na siku nyingine, mwanawe akiwa kazini, alilifungua akavikunjua na kuvikunja upya. Watu walipouliza, alisema binti ni mgonjwa, hatoki. Na watu wa laini, kwa kuwa walijua yupo na hawamwoni, wakaanza kumwona.

*

Zahanati ya shamba ilikuwa na muuguzi mmoja, sista Devakirubai, mwanamke mnene asiyependa kurudia neno. Daktari alipanda kutoka mjini kila Jumatano. Kathiravan alikuwa amemaliza wiki nane bila sindano. Alikuwa na chupa moja tu aliyokuja nayo kutoka Madurai, na ile ni dawa ya mafuta, nzito, ya kuchomwa ndani kabisa ya nyama. Alijaribu kujichoma mwenyewe, akaogopa kuiharibu. Siku ya Alhamisi akaenda na mama yake, wakapanga foleni kama watu wengine.

Sista akaigeuza chupa kwenye mwanga. "Hii ina jina la Maheswari."

"Ni yangu, sista."

"Yako vipi? Wewe fundi nakujua, juzi ulinitengenezea taa." Akavuta daftari la shamba, akapitisha kidole. "Nyumba kumi na moja. Wewe Kathiravan. Maheswari ni dada yako. Na faili la Madurai, tazama hapa juu, limeandikwa Maheswari. Siwezi kumchoma mtu dawa ya dada yake. Mlete, nimchome."

Nyuma yao walikuwa watu kumi na wanne. Wawili walikuwa vijana wa kiwandani, wanaofanya kazi na Kathiravan zamu moja. Kathiravan alimgeukia mama yake. Yeye hakuelewa dada ametoka wapi, na macho yake yalikuwa yanauliza hivyo. Pechiammal akatazama vidole vya miguu yake.

Sista alikuwa bado anaisoma karatasi ya dawa. Akaisoma mara ya pili, midomo ikimcheza. "Lakini hizi ni homoni za kiume," akasema, na hakushusha sauti. "Msichana anachomwa hizi za nini? Mnamfanya nini mtoto huyo humo ndani?"

Kathiravan alichukua chupa yake na faili lake akatoka, na foleni nzima ikamsindikiza kwa macho.

Walipanda njia ya kiwandani, ukungu umeshuka mpaka kwenye vichaka vya chai, mtu huoni hatua kumi mbele. Walipofika kwenye kona ndipo Kathiravan aliposimama.

"Mama, dada gani?"

Akamweleza. Alimweleza vibaya, akianzia katikati, akirudi mwanzo, akitaja ruba mara tatu.

"Ni nyumba, mwanangu. Wawili wangetutupa bondeni."

"Ni nyumba tu?"

Pechiammal alijiona mdogo kama mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani. Laiti mwanawe angepiga kelele, au angempa mgongo akaenda zake. Lakini Kathiravan alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe:

"Kwa hiyo tangu tumefika tunaishi naye."

*

Siku ya nne damu ya mwezi ikamjia Kathiravan. Miaka sita ilikuwa haijaonekana. Pechiammal aliijua kwa kumwona tu alivyokaa ukingoni mwa kitanda asubuhi, koti la kazi mwilini, mikono katikati ya magoti, hataki kuinuka. Akararua sari kuukuu vipande vipande, akamwekea kando yake.

"Amerudi, mama," alisema Kathiravan.

"Nani?"

"Uliyemwandikisha."

"Usiseme maneno hayo."

"Nasikia sauti yangu inapanda. Jana nimemwita Sudalai anishikie ngazi, akageuka kama kaitwa na mwanamke." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Labda mimi nasikia vibaya. Lakini yeye aligeuka."

Alikwenda kazini hivyo hivyo, kwa kuwa mitambo haingoji. Pechiammal alifua vile vitambaa, akavianika nyuma ya jiko, ndani, pasipo kupita mtu. Bombani hakuna aliyemtania tena. Alipofika, wanawake walikinga maji yao haraka wakaondoka, na Annakili alijifanya anamtafuta kuku.

Siku mbili baadaye ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mnyapara aliwaachia wachumaji saa nane mchana. Pechiammal alishuka peke yake. Alipoikaribia nyumba, aliona uso dirishani. Ulikuwa uso mwembamba, umeinama kidogo upande wa kushoto, namna alivyokuwa akiinama yule mtoto alipokuwa akisukwa. Mama hakufikiri kitu. Furaha ilimpanda kifuani kabla ya hofu, na hilo ndilo lililomtesa baadaye.

"Mahesi," akaita.

Uso ukainuka. Alikuwa Kathiravan, amerudishwa mapema kwa sababu ya umeme kukatika, anatazama nje. Dirisha lilikuwa wazi na alikuwa amesikia vizuri sana.

"Umeniita nani?"

"Nimekosea, baba. Ukungu."

"Saa nne asubuhi, nikiwa kazini," alisema Kathiravan, "Annakili anamwona nani hapa?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui." Akafunga dirisha. Mama alibaki nje amesimama, na ilimchukua muda kupata ujasiri wa kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata wakakuta mlangoni kumefungwa majani ya mwarobaini na ndimu tatu zilizopakwa manjano, kama watu wafanyavyo kuzuia pepo asivuke kizingiti. Kamba ilikuwa imefungwa kwa nje. Waliofunga hawakuwa wakimzuia kuingia. Walitaka asitoke.

*

Siku ya Jumatatu alikuja karani Rajadurai, na Annakili nyuma yake, kwa sababu mwanamume hawezi kuingia peke yake kwenye chumba cha msichana. Kathiravan alikuwa anakunywa uji wa mchele. Akasimama, bakuli mkononi.

"Kaa, fundi," karani alisema. "Mama, nimekuja kumsalimu binti yako."

"Amelala."

"Tutamwamsha kwa adabu." Hakuwa mtu mbaya, na alionekana hakupenda kazi ile. "Sikiliza, mama. Mimi nina mabinti wawili. Na nimeishi kwenye mashamba haya miaka thelathini. Nimewahi kuona nyumba ambayo msichana alimpenda kijana wa tabaka jingine, kisha msichana akapotea, na nyumba nzima ikasema amekwenda kwa shangazi. Shangazi hakuwepo. Sista ameniambia habari za dawa. Nataka kumwona kwa macho yangu."

Vyumba viwili havichukui muda. Karani alitazama chini ya vitanda. Annakili alifungua sanduku, akatoa blanketi jipya, koti la mvua lisilowahi kuvaliwa, vidonge vya minyoo vikiwa bado kwenye karatasi, akavipanga sakafuni kimoja kimoja. Kisha akaenda jikoni. Alirudi ameshika kitambaa kwa ncha mbili za vidole.

"Karani, msichana yupo," akasema. "Hivi viko sita, havijakauka. Dada Pechi, wewe ni wa umri wangu, siku zako zimekwisha zamani, tusidanganyane. Hivi ni vya nani?"

Kathiravan alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwenye kitambaa kile. Damu ilikuwa yake, na mwanamke wa jirani ameiinua hewani mbele ya mwanamume mwingine. Shingo yake ilibadilika rangi. Aliweka bakuli chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kulivunja, na hakulivunja.

Pechiammal alitaka ardhi ipasuke. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Ni vya binti yangu."

"Basi yuko wapi?" akauliza karani.

Nje watu walikuwa wamejaa kibarazani wakisikiliza.

"Jumatano daktari anakuja," Rajadurai alisema mwishoni. "Nitakuwa zahanati na daftari. Umlete, asimame mbele ya daktari. Usipomleta, napiga simu polisi, na hapo sitaweza kukusaidia."

Walipobaki wawili, Pechiammal alikaa sakafuni katikati ya vitu vya yule wa tatu. Kathiravan akakaa mkabala naye.

"Twende zetu, mwanangu. Turudi Madurai."

"Kazi iko hapa. Nimechoka kuhama." Alichukua kitambaa kile alichokiacha Annakili, akakikunja. "Tutakwenda Jumatano. Utasema wewe."

"Mimi?"

"Mimi niliwahi kusema, mama. Nilikuambia wewe, nikiwa na miaka kumi na tisa, nusura nife kwa woga. Mtu akisema jambo lile mara moja inamtosha. Huyu si mimi niliyemleta. Umemleta wewe, umwondoe wewe."

Pechiammal alimtazama, akaona jinsi alivyokonda, na ule uinamo wa kichwa. Akaogopa kwamba akichelewa wiki moja zaidi hatajua tena ni yupi anayemtazama.

*

Jumatano kibaraza cha zahanati kilijaa watu wasio na ugonjwa wowote. Daktari alikuwa mwanamke kijana, ametoka mjini na koti zito. Karani alikuwa na meza yake kando, daftari limefunguliwa ukurasa wa nyumba kumi na moja. Pechiammal na mwanawe walifika wawili, na mnong'ono ukapita kwenye foleni mpaka mwisho.

"Yuko wapi?" karani aliuliza.

"Yuko hapa." Pechiammal aliweka kiganja begani kwa Kathiravan. Alikuwa amejizoeza maneno tangu alfajiri, na yote yakamtoka kichwani, akabaki na yale ya kweli. "Sikuzaa wawili. Nilizaa mmoja, ni huyu. Nilimlea kama msichana, nikamwita jina hilo, kumbe mwenyewe alikuwa anajijua ni mwanamume. Dawa ni yake. Faili ni lake. Na vile vitambaa ni vyake, kwa sababu amekosa sindano, na amekosa sindano kwa sababu yangu. Hakuna aliyefichwa. Hakuna aliyeuawa."

Mmoja wa vijana wa kiwandani alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Daktari aliomba faili. Alilisoma lote, akageuza nyuma, akamtazama Kathiravan kwa macho ya kazi, bila huruma ya kupita kiasi. "Nilisomea Madurai," akasema. "Nimewaona wengi. Unachomwa kila wiki tatu, na sasa ni wiki ya ngapi?"

"Ya kumi inakwisha, daktari."

"Mbona hamkunisubiri siku ya kwanza mkaniambia? Sista, mchome leo. Nitaandika barua, dawa zake zitakuwa zinapanda na mimi kila mwezi."

"Nimchome kwa jina gani?" Devakirubai alikuwa amesimama, chupa mkononi, uso mgumu. "Chupa inasema Maheswari. Na kwenye daftari Maheswari ni mtu mwingine. Akipatwa na lolote, atakayeulizwa ni mimi."

"Karani, rekebisha daftari."

Rajadurai alichovya kalamu, kisha akasita. Akamwinamia Pechiammal, akanong'ona. "Mama, jina halifutwi bila sababu, na shamba linazikubali tatu tu. Kufa, kuhama au kuolewa. Sema ameolewa. Ni jambo la heshima. Nyumba mtabaki nayo mpaka mwisho wa mwaka, na hawa watu watapata la kusema."

Ilikuwa rahisi mno. Kwa neno moja Maheswari angekuwa na mume mahali fulani, na jiko, na labda watoto. Pechiammal aliliona jiko lile. Aliona mkono wenye bangili ukikoroga kitu. Kwa muda alikuwa na raha aliyoikosa miaka sita.

"Na huyu?" akauliza. "Dada yake akiolewa, chupa inakuwa ya nani?"

Karani hakuwa amefikiria hapo. "Itabaki ya dada," akasema.

"Basi hajaolewa."

"Kahama?"

"Hapana."

"Mama," Rajadurai alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, "niandike amekufa?"

Kathiravan alikuwa akimtazama mama yake. Hakumsaidia, wala hakumharakisha.

"Usiandike amekufa," alisema Pechiammal. "Hajafa. Andika mama alidanganya."

"Hiyo si sababu."

"Ndiyo sababu niliyonayo. Andika mama wa nyumba kumi na moja aliulizwa wako wangapi, akadanganya. Nitaweka dole gumba."

"Nyumba mtaikosa. Mwisho wa mwezi mtateremka bondeni."

"Tutateremka."

Akaandika. Alipiga mstari juu ya jina, pembeni akaandika sababu kwa herufi ndogo, na pembeni ya jina la Kathiravan namba ya faili la Madurai. Pechiammal alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na alipoliinua alilia waziwazi, mbele ya watu wote, kama mtu aliye msibani. Hakuna aliyemshika. Sista alimwita Kathiravan ndani, pazia likafungwa, na baada ya muda akatoka akiwa amebana pamba kiunoni, amesawijika lakini amesimama wima.

Foleni iliwapisha. Wanawake walivuta sari zao, wanaume wakasogea ukutani. Mwishoni mwa kibaraza alikuwa amekaa bibi mmoja kipofu wa laini ya juu, amenyoosha miguu njiani. Aliposikia nyayo akaikunja, Kathiravan akapita, Pechiammal akapita. Bibi hakuinyoosha. Alingoja kidogo, uso umeelekea pale walipotoka, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Pita na wewe, mwanangu," akasema.

Pechiammal alisikia. Alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, shingo ikamuuma kwa kutogeuka. Mbele yake Kathiravan alikuwa ameshaingia kwenye ukungu, akichechemea kwa maumivu ya sindano, na mama akaongeza mwendo asimpoteze.